Pingamizi la Mbugani

Mwaka walipoamua kuutengenezea mji wa Njiapanda mitaro na mabwawa ya majitaka, waliitwa watu wa kila upande. Walikuja watu wa barabara, watu wa maji, watu wa ofisi ya bonde wanaosimamia mito na makorongo, watu wa afya, na kutoka kila kitongoji mtu mmoja wa kuwasemea wenzake. Wakaambiwa wote ni wadau. Sababu yake ilikuwa njema. Zamani mtu wa barabara alichimba mtaro wake ukaishia alipoishia yeye, maji yakaingia sokoni. Watu wa soko wakayafukuza, yakaingia shuleni. Safari hii ilisemwa kwamba hakuna atakayechimba peke yake, na hakuna mstari utakaowekwa kwenye mpango kabla ya wote kuukubali.

Kitongoji cha Mbugani, kilicho chini kabisa mteremko wa mji unakoishia, kilimtuma Nathanaeli.

"Wewe umefika kidato cha nne," alimwambia Stumai, mama mmoja mnene aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji. "Ramani unaisoma. Hatukutumi ukasikilize. Tunakutuma ukaseme neno moja, ukishalisema urudi ukalime."

Neno lenyewe hata mtoto wa Mbugani alilijua. Visima vya kitongoji vilikuwa ndani ya korongo. Watu walichimba mchangani, wakajengea kwa mawe, na humo ndimo walimochota mwaka mzima, wao na ng'ombe wao. Bomba lililokuwa karibu lilikuwa Sokoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda peke yake, na lilitoa maji siku lilipopenda. Kwa hiyo neno la Mbugani lilikuwa hili: maji machafu ya mji yasiletwe korongoni.

Katika vikao viwili vya kwanza Nathanaeli alilisema vizuri. Mratibu wa mpango, mhandisi Jenifa, dada wa makamo aliyehamia kutoka Dodoma, alitandaza ramani mezani na kuwaonyesha mistari miwili. Mstari wa buluu ulitoka mabwawani ukashuka moja kwa moja hadi korongo la Mbugani. Ulikuwa mfupi. Mstari mwekundu ulizunguka mashariki, ukapita kwenye mashamba, ukamwaga maji kwenye mbuga ya chumvi ambako hakuna anayelima wala kunywesha. Ule ulikuwa mrefu karibu mara mbili.

"Mabwawa yakijaa masika, yatapumulia wapi?" Nathanaeli aliuliza.

"Kwenye mstari wowote tutakaoukubali," alisema Jenifa. "Ndiyo maana mko hapa."

"Basi sisi tunaukataa wa buluu."

Miraji, fundi mkuu wa watu wa barabara, mtu wa mzaha, akacheka. "Huyu wa Mbugani hana hata kona. Ukimwuliza hali anakujibu korongo."

Wote wakacheka, na Nathanaeli akacheka nao. Alirudi nyumbani siku hiyo akijiona mtu.

Kikao cha tatu ndicho kilichokuwa cha kuamua. Mjumbe wa kitongoji cha Sokoni, mfanyabiashara wa alizeti, alikuwa amehamia Ulemo, na wenzake walichagua mwingine. Nathanaeli alikuwa ameshaketi mstari wa mbele, daftari likiwa magotini, mlango ulipofunguliwa akaingia mzee Hosea.

Mzee Hosea alikuwa baba yake Editha, mkewe Nathanaeli.

Nathanaeli aliinuka kabla ya kujua kwamba ameinuka. "Shikamoo baba," alisema, macho yakiwa sakafuni.

"Marahaba," alisema mzee, naye akatazama pembeni.

Nathanaeli alichukua daftari lake akaenda kuketi nyuma, karibu na mlango. Katika nyumba alimokulia, wewe na mkwe hamketi benchi moja. Huli mbele yake. Jina lake hulitaji, na akisema neno mbele za watu, hulipingi. Ukiwa na jambo naye, unamtuma mshenga, au unangoja mkutane njiani na kulizungusha mpaka yeye mwenyewe alione. Naye mkwe kwa upande wake hamwulizi mkwewe swali litakalomtoa jasho hadharani. Hayo hakufundishwa na mtu. Aliyakuta, kama alivyokuta baba yake akivua kofia mbali na boma la wakweze.

Jenifa alitandaza ramani. Alieleza tena mstari wa buluu na mstari mwekundu, kisha akamkaribisha mjumbe mpya wa Sokoni.

Mzee Hosea alisimama, akaegemea fimbo. "Mimi nimetumwa," alisema. "Wenzangu wamesema mstari mwekundu unakata mashamba manne. Moja ni langu, lile la alizeti, na nilichonacho ni hilo. Wanaomba mtaro upite huo mfupi. Ndivyo nilivyotumwa." Akasimama kidogo kana kwamba kuna jingine, kisha akaketi.

Nathanaeli aliacha kuandika. Lile shamba alilijua. Alilipalilia mwaka wa kwanza wa kuoa, wiki nzima, kama wakwe wanavyopaliliwa. Mpaka siku ile hakujua kwamba mstari mwekundu unapita pale, kwa sababu ramani haikuandikwa majina ya watu.

"Mbugani mnasemaje?" aliuliza Jenifa. "Ninyi mlikuwa na hoja."

Nathanaeli alishusha macho kwenye daftari.

"Nathanaeli?"

Alifungua mdomo. Kusema neno la Mbugani pale kulikuwa kusimama mbele ya watu wa ofisi zote na kumwomba baba wa mkewe atoe shamba. Aliutazama mgongo wa mzee, koti lake lililofifia mabegani. Mzee hakugeuka. Alikaa wima akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Tuendelee tu," alisema Nathanaeli.

Jenifa alimtazama kwa muda. Alikuwa mtu mwangalifu, akauliza mara tatu. "Kuna mwenye pingamizi na mstari wa buluu? Kuna mwenye pingamizi? Kwa mara ya mwisho, kuna mwenye pingamizi?" Watu wa maji hawakuwa nalo, kwa sababu mfupi ni rahisi. Watu wa bonde walisema watafuata kauli ya wananchi. Watu wa afya walisema hivyo hivyo. Karani akaandika: wadau wote wameafiki. Wakapiga makofi.

Chakula kilipoletwa, Nathanaeli alichukua sahani yake akaenda kula nyuma ya jengo. Miraji alimkuta huko.

"Wa Mbugani, unakula na mbwa leo? Na lile korongo lako umelitupa wapi?"

"Niache, kaka," alisema Nathanaeli.

Nathanaeli alipofika nyumbani, Editha alikuwa akipepeta mtama. Witness, binti yao wa miaka tisa, alikuwa akimfukuza kuku.

"Umesema?" Editha aliuliza bila kuacha kupepeta.

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

"Wameandika." Akaona afadhali lisemwe na yeye kuliko mtu mwingine. "Baba yako alikuwapo. Ndiye wa Sokoni sasa."

Ungo ulisimama. "Baba? Na wewe ukasema mbele yake?"

"Nilisema."

Editha alimtazama kwa muda mrefu, akaanza kucheka taratibu, kicheko chake cha puani. "Baba Witness, kumbe nimeolewa na mwanamume wa kutisha. Alikasirika?"

"Hakusema kitu."

"Hiyo ndiyo hasira yake. Basi mwezi huu siendi nyumbani. Nikienda nitaulizwa ni mume gani huyu niliyewaletea." Akaendelea kupepeta. Baadaye, kama anayejisemea, aliongeza, "Lakini umefanya vizuri. Ilibidi mtu aseme."

Stumai naye aliuliza, akajibiwa vivyo hivyo. Alimpa Nathanaeli mkono mbele ya watu.

Mpango ulibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na chini yake tangazo: mwenye maoni au pingamizi aandike ndani ya siku thelathini. Njia ilikuwa bado wazi. Nathanaeli alinunua karatasi. Fomu ilitaka jina la mwandishi, kitongoji, na sababu, na ilisema maoni yote yatasomwa mbele ya wadau. Aliandika jina lake akaishia hapo. Siku ya kumi alifikiri kumtuma Stumai aende kwa niaba ya kitongoji, lakini Stumai angeuliza, si ulishasema? Siku ya ishirini alitoka zizini akiwa ameazimia kumwambia Editha aende kwa baba yake. Alimkuta anaimba, akarudi zizini. Uongo ni kama pombe ya mtama. Siku ya kwanza unanyweka, ukikaa unachacha. Siku ya thelathini ilipita kama siku nyingine, ilikuwa Jumanne, na alishinda akikata miiba ya uzio.

Mnamo Agosti mtambo ulianza kuchimba kutoka juu. Watu walitoka kuutazama.

"Mbona unaelekea huku?" Stumai aliuliza.

"Huo ni wa maji ya mvua tu," alisema Nathanaeli. "Ya mabwawa yanakwenda kwingine."

"Una hakika?"

"Ramani nimeisoma mimi, mama."

Ulikuwa mtaro mzuri. Miraji na vijana wake waliujenga kwa mawe na saruji, wakausawazisha mpaka ukameta. Ulikuja ukaishia juu ya korongo, hatua kama mia mbili kutoka kisima cha kwanza, na watoto walitelezea makalio humo mpaka mvua iliponyesha.

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Zilikuja Desemba na hazikutulia. Watu walishangilia, wakapanda. Wiki ya pili ya Januari mabwawa yalijaa, na yalipojaa yalipumua, kama wataalamu walivyopanga yapumue. Mtaro ukayaleta, pamoja na yale ambayo magari ya kunyonya vyoo yalikuwa yameyamwaga mabwawani tangu Oktoba.

"Maji yana harufu," Editha alisema asubuhi moja.

"Ni tope la mvua. Yachemshe."

"Ya mtoto nachemsha. Kuni zenyewe zimelowa."

Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho, na Nathanaeli aliiona. Alisimama mlangoni na jembe begani. Angesema, Mama Witness, usinywe, sikusema siku ile. Maneno machache tu. Alimwona akijaza kidumu cha kupeleka shambani, maji ambayo hayakuchemshwa, kwa sababu moto ulikataa kuwaka na jua lilikuwa linapanda.

"Chemsha na hayo," alisema.

"Nikichemsha yote tutapalilia saa ngapi? Nimekunywa maji haya tangu nimeolewa."

Akatangulia kushika njia ya shamba.

Editha aliugua Ijumaa baada ya adhuhuri. Kuhara na kutapika kulimkausha upesi mpaka vidole vikajikunja kama vya mwanamke mzee. Nathanaeli alimbeba kwa pikipiki mpaka kituo cha afya, akiwa amemfunga kwa khanga mgongoni pa dereva, naye ameketi nyuma akimshikilia. Walimtundikia dripu. Njiani alikuwa na akili zake. Alisema, "Hao watu, na ulivyowaambia." Alisema hivyo mara mbili. Jumamosi saa nne asubuhi alikufa. Wiki ile ile alikufa pia mzee mmoja wa Mbugani, na wengine saba walilazwa.

Walimzika nyumbani, upande wa magharibi wa boma. Mzee Hosea alikuja na ndugu zake, akasimama kaburini bila kuegemea fimbo. Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, alimfuata Nathanaeli nyuma ya zizi. Palikuwa na gogo. Mzee akaketi, akagusa nafasi iliyokuwa kando yake.

"Kaa."

"Baba, siwezi."

"Kaa. Kilichotufanya tusikae pamoja tumekizika."

Nathanaeli aliketi kwenye ncha ya gogo. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja.

"Siku ile kikaoni," mzee alisema, "nilitumwa maneno, nikayasema. Nilipoyamaliza nikakungoja. Nilijua wewe ni wa Mbugani na korongo ni lenu. Nikasema, kama maji yatawadhuru, mkwe wangu atasema, nami nitanyamaza, na kwa kunyamaza kwangu wataelewa kwamba nimekubali. Kukuuliza sikuweza. Ningekuuliza vipi mbele ya watu? Ukasema tuendelee. Nikajua hayatawadhuru."

Nathanaeli alibandua gome la gogo kwa kucha.

"Nikamngoja Editha aje, nimwulize yeye. Hakuja. Nikasema, labda shamba linapaliliwa. Mwezi ukapita."

"Alidhani umekasirika," Nathanaeli alisema. "Nilimwambia nilikupinga."

Mzee aligeuka akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuwa na hasira. Nathanaeli angeipenda hasira.

"Shamba ningelitoa," mzee alisema. "Lilikuwa alizeti tu."

Wakakaa pale. Akina mama walikuwa wakiita watu waje kula, na hakuna aliyekwenda.

Siku ya kuanua matanga, wakati wa kueleza habari za marehemu, Nathanaeli alisimama. Alieleza ugonjwa ulivyoanza na ulivyokwisha, kama desturi inavyotaka. Kisha hakuketi. Alisema, "Kuna jambo jingine. Mlinituma neno moja. Sikulisema." Akaeleza yote, kikao, karatasi, siku thelathini, mtaro aliosema ni wa mvua. Alitegemea kelele. Alitegemea mtu amrushie kiti, hasa kijana wa yule mzee aliyekufa. Walikaa tu. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha juu ya turubai. Witness alikuwa ameketi kati ya shangazi zake, uso umeelekea chini.

Stumai ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. "Umesema leo. Haya. Na kesho tunachota wapi?"

Watu waliaga mmoja mmoja, wengine walimpa mkono kwa sababu ni msiba na mfiwa hupewa mkono.

Wiki iliyofuata Nathanaeli na mzee Hosea walikwenda pamoja ofisini kwa Jenifa. Jenifa alikuwa amesikia. Aliwatolea viti, akafungua muhtasari wa kikao, akausoma kimoyomoyo ingawa bila shaka alikuwa ameusoma siku zote hizo.

"Niliuliza mara tatu," alisema, si kwa kujitetea. "Hata kama hukuweza mle ndani, kwa nini hukuniambia pembeni?"

"Huyu ni baba wa mke wangu," alisema Nathanaeli.

Jenifa alimtazama huyu, akamtazama yule. Akafunga jalada.

"Natoa shamba," alisema mzee Hosea. "Lote. Leteni mtambo wenu upite. Sitaki chochote."

"Baba, si shamba peke yake." Jenifa alijifuta macho kwa kiganja, upesi, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Mimi sina uwezo wa kubadilisha mstari. Watu wa maji hawana. Watu wa barabara hawana. Mpango ni wa pamoja. Tuliufunga hivyo makusudi ili mmoja asije akaugeuza peke yake. Inabidi wote waitwe tena, wapime upya, watie sahihi upya. Nimeshaandika barua. Watu wa bonde wamejibu kwamba mapitio yapo kwenye ratiba, mwaka wa tatu wa mpango."

"Na mabwawa?" Nathanaeli aliuliza.

"Nimewaomba wasimwage ya vyoo wakati wa mvua. Wamesema wataangalia. Magari yatayapeleka wapi?" Akasogeza jalada pembeni. "Dawa ya kutia kwenye maji nimewaombea. Ikifika nitaileta mwenyewe."

Waliporudi, mzee alishika njia ya Sokoni na Nathanaeli ya Mbugani. Mahindi yalikuwa yamestawi sana mwaka ule, kijani kibichi, mpaka kandokando ya korongo.

Asubuhi iliyofuata aliamka akakuta ndoo ya Editha haipo. Alitoka mbio. Witness alikuwa ameshafika kisimani, nyuma ya wanawake wanne waliokuwa wakichota. Harufu ilikuwapo, si kali. Ukiizoea huisikii. Wanawake walimwona Nathanaeli wakamsalimu, wakamwachia nafasi, na mmoja alimwazima kata yake ya kuchotea.

Akachota. Alijaza ndoo akaiweka juu ya jiwe.

"Baba," alisema Witness.

"Naam."

"Mama alijua kwamba hukusema?"

"Hapana. Hakujua."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akainama, akajitwisha ndoo bila kungoja kusaidiwa, akatangulia kupanda njia. Nathanaeli alibaki ameshika kata ya watu, na kisima kilikuwa kinajaa tena polepole kutoka chini ya mchanga.